Bodi Isiyozungusha Lenzi

Jina alilopewa na wazazi lilikufa mapema. Mtaa mzima ulimwita Tulia, kwa sababu neno hilo lilimtoka kinywani kuliko mengine yote. "Tulia, bwana harusi, hujaja kunyongwa." "Tulia, mama, kidevu chini, hatupimi urefu hapa." Mtoto akilia mbele ya kamera, Tulia alimkazia macho mpaka kilio kikamrudi kooni. Hakuwa mpole, wala hakujisingizia upole. Ila picha zake zilimfanya mtu ajione vile alivyotamani siku zote kuwa, na kwa ajili hiyo watu waliuvumilia ulimi wake kama wanavyovumilia dawa chungu.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja kati ya fundi cherehani na duka la rangi. Ndani mlikuwa na pazia la bluu, stuli ya kuzunguka, kioo chenye ufa, na kitana kilichofungwa ukutani kwa kamba kisije kikaondoka na mteja. Kwenye kabati la chuma, juu ya kitambaa cha flana, zilikaa lenzi zake tatu: ile pana ya kupigia makundi, ile ndefu ya kuvuta walio mbali, na ile aliyoiita lenzi ya sura, fupi na nzito, mdomo wake mpana kama wa kikombe. Hiyo ya sura aliinunua mwaka mumewe alipomwacha kwa sababu hazai. Mume aliondoka na redio na sufuria. Tulia akauza kitanda cha ndoa, akalala chini miezi kadhaa, akanunua lenzi. "Nimebadilisha mwanamume kwa kioo," alikuwa akisema, "na kioo hakikoromi."

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa kwao. Baba yao alipofariki, Tulia ndiye aliyemsomesha, na alipofeli mitihani ndiye aliyemfundisha kamera, kwa makofi na maneno makali. Alimfundisha vizuri. Mdogo mtu akafungua studio yake mitaa miwili mbele, yenye mlango wa kioo na kompyuta, akaoa, akapata watoto. Lakini hata ndevu zilipoanza kuingia mvi, wateja walimsalimia vilevile: "Wewe si ndiye mdogo wake Tulia?" Naye alicheka. Dada mtu alicheka zaidi, tena mbele ya wateja haohao. "Huyu? Huyu nilikuwa nikimfuta makamasi na lenzi kwa kitambaa kimoja."

Alipovuka miaka hamsini, jicho lake la kulia, lile la kuchungulia kwenye kamera, lilianza kuona ukungu. Taa za barabarani zilimea manyoya. Daktari wa macho akamwambia ni mtoto wa jicho, bado mchanga. Arudi baadaye wamfanyie upasuaji. Tulia alitoka pale bila kuuliza swali. Habari hiyo alimwambia mtu mmoja tu, mdogo wake, wakiwa wamekaa kwenye benchi nyuma ya studio wakinywa chai.

Mdogo mtu alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka.

"Hongera, dada," akasema. "Hatimaye umepata mtoto."

Tulia alicheka. Alicheka kwa sababu hakujua aufanye nini kingine uso wake.

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?"

Kazi haikuyumba, maana kamera ilimbeba. Ilikuwa kamera ya dijitali ya miaka ya nyuma, nzito, imelika rangi pale kidole gumba kinapokaa. Ukibonyeza nusu ililia kwa ndani kama nyuki aliyefungiwa chupani, ikaizungusha lenzi yenyewe mpaka sura ikasimama wazi. Jicho la Tulia lilibaki na kazi ya kupanga tu nani akae wapi. Kufokasi ilikuwa kazi ya mashine. Halafu siku moja, katikati ya picha za wahitimu wa chuo cha uuguzi, shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka picha inapopigwa, ikafa. Fundi wa kamera aliifungua, akaitazama, akamrudishia kwa mikono miwili kama anarudisha maiti.

"Vipuri vyake havipo tena, mama. Lakini lenzi zako ni nzima kabisa. Tafuta bodi nyingine, kamera tupu ya kuzivalisha."

Mambo ya mashine mpya Tulia alimwachia mdogo wake siku zote. Yeye ndiye mwenye kompyuta, ndiye aliyesoma vile vijitabu vinavyokuja na boksi. Akamwita. "Nataka bodi itakayokubaliana na lenzi zangu," akamwambia. "Sina shida na kingine. Lenzi ndiyo jicho, bodi ni sanduku tu."

"Niachie mimi. Ila siku ya kwenda dukani usibebe lenzi, vibaka wa pale wanachana mikoba kwa wembe. Hizo lenzi nazijua kuliko ninavyovijua viatu vyangu."

Dukani, muuzaji aliweka bodi mbili juu ya kaunta ya kioo. Moja ilikuwa imeshatumika, imekwaruzika pembeni, nzito kama tofali. Nyingine ilikuwa mpya ndani ya boksi, nyepesi, ikiuzwa pamoja na kilenzi cha plastiki. Tulia aliinyanyua ile nzito, nayo ikamkaa mkononi kama ile iliyokufa.

"Hii naipenda."

"Hiyo imechoka, dada," mdogo wake akasema. "Umetoka kuzika maiti, unarudi nyumbani na mgonjwa? Hii mpya inatoa picha kubwa mara mbili, na gizani inaona kama paka. Na lenzi zako zote zinaingia."

"Zinaingia kweli?" Tulia alimuuliza muuzaji.

"Kuingia zinaingia, mama, lakini—"

"Tuwekee na kadi mbili za kuhifadhia picha," mdogo mtu akamkata, akamkonyeza. "Dada ana haraka."

Muuzaji akafumba mdomo, akaenda kutafuta kadi. Tulia hakuliona lile konyezo. Lilipita upande wake wa kulia.

Nyumbani alivalisha lenzi ya sura. Ikaingia, ikalia tak, vizuri kabisa. Akaielekeza dirishani, akabonyeza nusu. Kimya. Akabonyeza tena. Yule nyuki hakuwemo. Akampigia mdogo wake simu.

"Haizungushi lenzi. Imekaa kama imenuna."

"Ni mipangilio tu hiyo, nitakuja kukuwekea. Kwa sasa zungusha kwa mkono, kama enzi za filamu. Ukichungulia, chini pembeni kuna kitaa cha kijani. Kikitulia kuwaka, ujue picha iko wazi."

"Nina harusi Jumamosi."

"Nitakuja kabla ya hapo."

Hakuja. Tulia alipopiga simu, alikuwa na wateja. Alipopiga tena, mkewe alipokea akasema yuko bafuni. Jumamosi ikafika.

Bibi harusi alikuwa binti wa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu aliyejulikana na kila aliyewahi kupiga msumari. Ukumbi ulikuwa wa taa za rangi, giza la kimahaba, maua kila kona. Kile kilenzi cha plastiki Tulia alikiacha kabatini; kwenye giza lile kisingefaa, na isitoshe aliona haya kuonekana nacho. Akavaa lenzi zake, akazungusha kwa mkono, akakitafuta kitaa cha kijani. Katika jicho lile lenye ukungu, kitaa kilionekana kinawaka muda wote. Kila taa ilikuwa inawaka muda wote. Na alipotazama kioo cha nyuma, picha zilikuwa ndogo kama stempu, kila mtu nadhifu, kila mtu anang'aa.

Bibi mzaa baba wa bibi harusi aliletwa kutoka hospitali kwenye kiti cha magurudumu, muuguzi nyuma yake. Walimvalisha hereni. Wakamweka mbele ya maua, na mwanawe, yule mfanyabiashara, akapiga magoti kumnyoosha ukosi.

"Tulia, bibi," akasema Tulia.

"Nitatulia vya kutosha hivi karibuni," bibi akajibu, na ukumbi ukacheka. Tulia akabonyeza wakiwa bado wanacheka.

Kadi alimpelekea mdogo wake, kama kawaida, azisafishe picha kwenye kompyuta. Yaliyotokea kule yalikuja kusimuliwa baadaye na mke wa mdogo mtu, siku alipogombana na mumewe. Mumewe alizifungua picha kwenye skrini kubwa, akazipitia moja baada ya nyingine. Halafu akamwita mkewe. "Njoo uone. Dada kapofuka." Bibi harusi hakuwa na macho, alikuwa na madoa mawili. Bwana harusi alikuwa moshi uliovaa tai. Mkewe akasema, "Mpigie simu dada yako." Mdogo mtu hakupiga. Alizichapisha vilevile zilivyo, akatengeneza albamu yenye jalada la ngozi, ile ya bibi akaikuza na kuitia fremu, akazipeleka mwenyewe hadi kwa mfanyabiashara, akaondoka kabla hazijafunguliwa.

Wiki hiyohiyo bibi alifariki. Familia ikafungua albamu kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza.

Baada ya mazishi mfanyabiashara alikuja studio. Benchi la wateja, mle ndani, lilikuwa limejaa watu wa picha za vitambulisho. Hakupaza sauti. Aliichukua ile fremu, akaisimamisha juu ya stuli kama mteja aliyekaa tayari kupigwa.

"Nionyeshe mama yangu."

Tulia akasogea. "Huyu hapa, mzee."

"Hicho ni kiti. Kiti nakiona, nahesabu hadi skrubu zake. Maua nayo nayaona, ua kwa ua. Nakuuliza mama yangu yuko wapi."

Tulia aliinama mpaka pua ikakaribia kioo cha fremu. Akageuza kichwa, akatumia jicho la kushoto. Ndipo akaona. Kwenye kiti palikuwa na kitu cha kijivu chenye hereni.

Kwenye benchi mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, lakini mnong'ono wenyewe ulikuwa wa kusikika: "Kumbe ni kweli. Si wanasema amepata mtoto? Mtoto wa jicho!" Benchi zima likaangua kicheko, hata waliojitahidi kukizuia.

Tulia alimtazama yule mwanamke. Hakuwahi kumwona maishani mwake. Na maneno yale alikuwa ameyasikia mara moja tu, mahali pamoja, wakati wa chai.

"Sikutukani," mfanyabiashara akasema. "Nitakutangaza tu."

Akatangaza. Kila aliyekwenda kununua saruji alirudi nyumbani na saruji na habari za Tulia. Maharusi walivaa nguo zao upya, wakapakwa vipodozi upya, na mdogo mtu akawapiga picha safi sana. Bibi hakuweza kuvalishwa upya.

Benchi la studio lilipobaki tupu, Tulia aliweka bodi na lenzi ya sura kwenye mfuko, akarudi dukani. Ile bodi iliyokwaruzika haikuwepo tena kwenye kaunta. Muuzaji akachukua nyingine ya aina yake iliyokuwa kwenye matengenezo, akazilaza mbili hizo midomo juu.

"Tazama hapa, mama. Unakiona hiki kijichuma, kama ncha ya bisibisi? Lenzi zako hazina mota ndani. Hiki ndicho kinachozizungusha. Sasa tazama hii yako mpya."

Pale palipotakiwa kuwa na kijichuma palikuwa laini.

"Mbona hukuniambia?"

Muuzaji alijikuna shingo. "Nilidhani mnajua. Mdogo wako alikuja jana yake, peke yake. Akaniuliza, 'Ni bodi ipi isiyozungusha lenzi za namna hii?' Nikamwonyesha. Mimi nilidhani anataka kuikwepa."

"Rudia."

Muuzaji akarudia, kwa sauti ya chini zaidi, macho yake yakiwa kwenye kaunta.

Jumapili walikutana kwa mama yao, kama walivyozoea. Mama alikuwa amezeeka miguu tu. Masikio na ulimi vilikuwa vya msichana. Chakula kilipotengwa, Tulia hakugusa kijiko.

"Ulimuuliza muuzaji ni bodi ipi isiyozungusha lenzi zangu?"

Mdogo wake alimeza kwanza. "Ndiyo."

Mkewe akaitazama sahani yake.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungechukua ile nyingine ungepiga picha miaka kumi mingine, na mimi ningezikwa kwa jina la mdogo wake Tulia. Watoto wangu shuleni wanaitwa watoto wa mdogo wake Tulia. Hukuwahi kuliona hilo, hata ulipokuwa na macho."

"Kama nilikukosea, si ungeniambia?"

"Nikwambie wewe?" Akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Kuna mtu aliwahi kukuambia kitu wewe?"

Swali lile lilikuwa la haki, na Tulia alilijua hilo. Akamgeukia mama yao.

"Mama, umesikia alichonifanyia?"

"Nimesikia, mimi si kiziwi," mama akasema. "Kosa amekosa. Lakini yeye ana vinywa vya kulisha; wewe ni tumbo moja. Hizo lenzi mwachie mwenzio zifanye kazi, kabatini zitaota kuvu bure. Ungekuwa na mwanao, si angekwenda na wewe dukani? Nipe chumvi."

Tulia akampa chumvi. Kisha akainuka, akachukua mfuko wake, akatoka.

Mdogo mtu hakuwa na haraka. Bodi ile nzito iliyokwaruzika alikuwa ameinunua yeye, siku chache tu baada ya harusi, kwa kuwa hakuna lenzi mpya iliyowahi kumpa sura kama ile ya dada yake. Akaiweka kwenye rafu ya studio yake, mdomo umezibwa kwa kifuniko, akasubiri njaa imfundishe dada adabu, azitoe lenzi mwenyewe.

Lakini Tulia alikuwa amesikia habari za mpiga picha mmoja wa kike, wa mji mwingine, mwenye bodi ya zamani yenye kijichuma, aliyekuwa akitafuta lenzi za namna ile. Akamwita. Yule mwanamke alizikagua mbele ya dirisha, akazipuliza, akauliza kwa nini anaziuza. "Hazina shida," Tulia akamjibu. "Mimi ndiye mwenye shida. Zichukue zote leo, au uache zote." Akazichukua zote.

Mdogo mtu alikuja siku ya pili yake, ile bodi ikining'inia shingoni, bahasha ya pesa mkononi. Alikuwa amejiandalia hotuba.

"Dada, yaliyopita yamepita—"

"Umechelewa. Zimeshauzwa."

"Zote?"

"Zote."

"Hata ya sura?"

"Ya sura ndiyo iliyotoka kwanza."

Akaketi kwenye stuli. Mkono mmoja ulikuwa umeishika ile bodi tupu tumboni. "Mimi nilijifunzia lenzi ile," akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtoto aliyepigwa. "Picha yangu ya kwanza maishani niliipiga kwa lenzi ile."

"Najua. Nilikuwepo. Ilikuwa mbaya."

Alimwacha akae pale mpaka alipoona haya ya kukaa. Utamu wa siku ile Tulia hakuwahi kuuonja tena katika jambo lolote. Ulidumu mpaka alipofungua kabati kutafuta kitambaa, akakuta kwenye flana alama tatu za duara, kila moja na ukubwa wake.

Bei ya lenzi ikaenda kwenye jicho. Daktari alimweleza kwamba wanatoa lenzi ya asili iliyochafuka, wanaweka nyingine ya bandia. "Hakikisha inazunguka," Tulia akamwambia. Daktari hakuelewa, akamwomba asitikisike.

Bandeji ilipotolewa alirudi studio akaitoa ile fremu nyuma ya kabati. Mfanyabiashara hakuwahi kuja kuichukua. Kwa jicho jipya aliyaona yote: skrubu, mshono wa ngozi ya kiti, tone la maji kwenye ua. Na katikati yao, yule mwenye hereni, asiye na uso. Aliitazama mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kuazima mkasi.

Wateja hawakurudi. Jicho hupona, lakini jina likishaingia kwenye duka la saruji halitoki. Akafunga studio, pazia akampa fundi cherehani, akapata kazi kwenye uwanja wa kampuni moja ya bima, kupiga picha magari yaliyopata ajali. Bodi ile nyepesi na kilenzi chake cha plastiki vilitosha. Kilenzi kilikuwa na mota yake ndani. Kilijizungusha chenyewe, haraka, bila kelele. Magari hayafumbi macho. Asubuhi nzima angeweza kupita asiseme neno.

Siku moja alimkuta mwanamume amesimama kando ya gari dogo la mizigo lililopondeka ubavu wa kushoto. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, kana kwamba amekuja kwenye usaili.

"Dada, naomba unisaidie," akasema. "Piga upande huu tu. Kule nyuma kuna kutu ya zamani, wakiiona watasema gari lilikuwa bovu tangu mwanzo. Ndilo linalolisha nyumba yangu."

Tulia alilitazama gari, akamtazama na yeye. Alijua pa kusimama. Hatua moja kushoto, goti moja chini, na kutu ile isingekuwepo duniani. Maisha yake yote aliwafanyia watu hivyo. Aliwafichia makovu, akawapunguzia videvu, akawageuza waliovimba shavu.

Akazunguka nyuma ya gari. Akachuchumaa pale penye kutu, karibu kabisa, akabonyeza nusu, akangoja mpaka ikasimama wazi, gamba kwa gamba.

"Dada, si nimekuomba!"

"Sogea," Tulia akasema. "Unanitilia kivuli."

Akapiga nyingine, kisha akaenda kwenye gari lililofuata.